Moshi Katika Kibuyu cha Ayeyo

Kibwezi,
20 Februari 2024

Abaayo Hodan, mdogo wangu,

Kwanza niache nikucheke. Jana nilipiga simu ya Mama mkwe wako nikusalimu wewe, nikajikuta nasalimia Mama Abshiro mwenyewe, jirani yenu Wayua, na mtu aliyekuja kununua mbuzi, wote wakinisikia kwa spika. Mpaka simu yako itoke kwa fundi, tutaandikiana. Musyoka anapita hapa na lori la mbuzi kila baada ya soko, na hana hamu ya kusoma ya watu. Tuandike Kiswahili, maana Kisomali chetu cha kuandika tunakijua wenyewe. Kukulia Kitui kuna hasara zake.

Uliuliza ni kazi gani hii ya kulima nyasi zisizo na ng'ombe wa kuzila. Ni hivi. Hapo kiwanjani kando ya barabara ya Mombasa palikuwa na watu waliopasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Wao walienda zao, risasi ikabaki udongoni. Haionekani, hainuki, haiozi. Chuo ninachofanyia kazi kikaja kikapanda vetiva, nyasi ndefu ambazo mizizi yake inashuka kumpita mtu mrefu. Kila wiki namwagia mashinani maji yenye bakteria. Hao wadudu wasioonekana wanailegeza risasi itoke kwenye udongo, mizizi inaivuta na kuiweka ndani yake, kisha sisi tunang'oa. Udongo unapona, mizizi inabaki na ugonjwa. Safu ya kwanza tuliing'oa Desemba. Mizizi yake imekaukia stoo, inangoja gari la kuipeleka mahali pa kuharibiwa salama.

Ubao langoni unasema USILE, USILISHE MIFUGO. Mwambie mumeo Guled ausome mara mbili. Alipopita hapa Januari na mama yake, mbuzi wake walizitazama nyasi zangu kwa macho ya bwana harusi. Mama Abshiro alikaa kivulini karibu na stoo akapiga soga na Mulwa, mlinzi wetu. Nilimweleza habari ya nyasi na mbuzi, akanijibu kwamba hakuja kuiba malisho. Nampenda yule mama, ingawa namwogopa.

Nibusie binti yako Nasima. Miaka miwili sasa, na bado hajajua kuniita?

Dada yako,
Ismahan

*

Mutomo,
3 Machi 2024

Dada Ismahan,

Barua yako nimeisomea zizini. Mama mkwe hasomi karatasi, lakini uso wangu anausoma vizuri sana.

Nasima anajua kukuita, anasema "Ima". Bibi yake anamwita Ayeyo, anasema pia paka, maji, na jina la kila mbuzi. Au niseme alikuwa anasema. Siku hizi amepoa. Tumbo linamkaza, anajikunja kama aliyepigwa, na choo hapati siku mbili tatu. Ugali hataki, wali hataki. Anataka maziwa ya Ayeyo wake tu.

Nami siwezi kumlaumu. Unakumbuka Mama anavyofukiza vibuyu: anawasha kijiti, kikishakuwa kaa anakitumbukiza kibuyuni, anafunika, anatikisa mpaka ndani kunakuwa kweusi, ndipo anatia maziwa. Tangu zamani maziwa yake yana jina hapa Mutomo, lakini mwaka huu yamepata harufu nyingine, tamu, ukifungua kibuyu utadhani kuna harusi ndani. Wayua anamtuma mtoto wake kila jioni. Watu wameshaagiza ya Ramadhani. Asubuhi Mama akikaa na vibuyu vyake, Nasima yuko pajani, anashika majivu, anachekelea moshi.

Mama anasema mtoto amepatwa na kijicho cha watu, ati nilimpeleka harusini Ikutha bila kumfunika. Nikitoka chumbani anasema na lingine, kwamba maziwa yangu yalikuwa mepesi ndiyo maana mtoto hana nguvu. Kwa hiyo anamwongezea ya kwake, kikombe asubuhi na kikombe jioni.

Naogopa, Ismahan. Namwogopea mtoto, na tena najiogopea mimi. Akiharibika Nasima katika nyumba hii, hakuna atakayeulizwa ila mimi.

Mdogo wako,
Hodan

*

Kibwezi,
12 Machi 2024

Hodan,

Ramadhani njema. Soma barua hii mara moja kisha uifiche.

Mpeleke Nasima hospitali. Usiseme kijicho, usiseme tumbo tu. Waambie wampime damu, waangalie kama ina risasi. Usishtuke. Mimi nimeshtuka tayari kwa ajili yetu wote. Tumbo la kukaza, kukosa choo, mtoto kupoa, hayo niliyasoma darasani, na sikupenda kuyakuta kwenye barua ya ndugu yangu.

Sasa nijibu, kuuliza si ujinga. Guled alichukua chochote hapa kiwanjani Januari? Bati, pipa, mbao za zamani? Viatu alivyovaa siku ile anaingia navyo ndani? Na wale mbuzi. Aliwafunga ubavuni mwa ua wetu, na walipoondoka nilikuta waya umelegea. Ikiwa walikula vetiva, na ikiwa ndio mnaowakamua, basi naogopa sana. Tafuta kwa upole. Usimwambie Mama lolote kabla hatujajua, maana mtu akisikia mifugo yake ina sumu, mtawezaje tena kuketi naye mkala pamoja?

Nijibu na Musyoka huyuhuyu. Usikae.

Ismahan

*

Mutomo,
13 Aprili 2024

Dada,

Najua umenikasirikia. Mwezi mzima kimya. Guled aliiona barua yako chini ya godoro. Aliisoma yote amesimama, akasema: "Dada yako anataka watu waseme Guled anauza mbuzi wa sumu?" Akaenda nayo. Tangu siku hiyo hapokei namba yako, na mimi hakunisemesha mpaka mwisho wa mfungo. Kalamu nimeishika leo kwa kuwa ameenda Garissa kununua mifugo.

Hospitali nilienda. Walinipokea vizuri, wakachukua damu, wakasema kipimo hicho hufanywa Nairobi na majibu huchukua muda. Bado tunangoja.

Maswali yako nimeyatafutia majibu. Bati hakuna, pipa hakuna. Viatu vya Guled viliibwa msikitini Februari, kwa hiyo kama vina risasi mwizi atajijua. Na wale mbuzi walikuwa mabeberu, waliuzwa Kitui wiki ileile. Tunaokamua ni wa hapahapa Mutomo, Kibwezi hawajawahi kuiona. Nilipojua hivyo nililia kwa furaha. Kumbe maziwa ni salama, na ndicho kitu pekee anachokubali kunywa. Sasa hata mimi nampa bila hofu. Nampa na mchana.

Lakini haponi. Dada, maneno yanamwisha. Lilianza jina lako, halafu mbuzi mmoja mmoja, halafu paka. Ijumaa alimwangalia Ayeyo wake, akafungua mdomo, akakosa. Akanyoosha kidole. Mama alicheka akasema mtoto ana maringo, kisha akamjazia kikombe. Watu walioniambia watoto hukawia kusema hawajamsikia alivyokuwa akisema.

Mama ametuma salamu. Anaomba Mulwa amfungie mzigo mwingine wa ile mizizi yenu. Ule aliompa Januari umekaribia kwisha, kwa sababu siku ya Idd aliwagawia jamaa wafukizie vibuyu vyao. Anasema tangu azaliwe hajapata kuni yenye moshi mtamu namna hiyo.

Mwombee mtoto.

Hodan

*

Kibwezi,
17 Aprili 2024

Hodan,

Usimpe maziwa. Usimpe hata tone. Chukua vibuyu vyote, usivioshe, usivichome, vitie guniani uvifiche mbali na watoto.

Ni mizizi. Nimemfuata Mulwa langoni na barua yako mkononi. Hakukana. Aliniambia, "Huyo mama mzee aliniuliza kama ni ya kula, nikasema hapana. Akauliza kama ni ya mbuzi, nikasema hapana. Akasema yeye anataka ya moshi tu. Sasa moshi ningemnyima aje?" Alimfungia nusu gunia, akamshika na mkono kumpandisha gari. Anasema alifurahi kupata baraka za mtu mzima.

Moshi wenyewe ungepita. Lakini lile kaa linatikiswa mle ndani mpaka kibuyu kinapakika, na risasi haiungui na mti. Mti unaisha, risasi inabaki kwenye majivu, maziwa yanalala nayo usiku kucha. Miezi minne kabla ya kung'oa, bakteria wangu walikuwa wakiikusanya kutoka ardhini, kidogo kidogo, na sisi tukawa tunamnywesha mtoto kile walichokusanya.

Tuliandika usile. Tuliandika usilishe mifugo. Hatukuandika usifukize. Hakuna aliyewaza kibuyu, na mimi nimelelewa kwa maziwa ya kibuyu.

Asubuhi hii nimekosea tena. Niliingiwa na hofu nikapiga simu ya Mama. Sikusalimu sawasawa. Nikamwambia, "Usimpe mtoto maziwa yako, yana sumu." Akasema, "Mimi nimenyonyesha na nimelea kabla mama yako hajajua kufunga nguo. Leo maziwa yangu ni sumu?" Akakata. Nikipiga tena haipokelewi. Barua hii Musyoka anaondoka nayo sasa hivi, nimemwomba asisimame popote.

Ismahan

*

Mutomo,
20 Aprili 2024

Dada,

Barua imefika leo, lori lilikwama njiani, na mtoto hayuko.

Baada ya simu yako Mama hakula. Nilimsikia akizunguka chumbani kwake. Alfajiri ya pili nilipoamka kuswali, kitanda chake kilikuwa kitupu na cha Nasima kitupu. Amemwambia Wayua anampeleka mjukuu akasomewe dua, kwamba ndugu wa mkamwana wanataka kumnyang'anya mtoto kwa kisingizio cha maziwa. Simu yake imezimwa. Guled bado yuko Garissa, nimemtumia maneno kwa simu ya Wayua, hajajibu, na namba yako siikumbuki, imo kwenye simu yangu kwa fundi.

Vibuyu nimehesabu nilipomaliza kusoma. Kimoja hakipo. Ni kile kidogo chenye mkanda wa shanga, alichopewa na mama yake siku ya ndoa. Ameondoka nacho kimejaa. Na ile mizizi iliyobaki nayo haipo, amebeba ili ndugu zake nao wasikie harufu.

Nimemwambia Wayua ukweli juu ya mtoto wake. Alitoka mbio kumwita mwanawe.

Mama ana dada yake Mwingi, Tumu, mwenye duka la nguo. Ana jamaa pia Kitui. Mimi naelekea Kitui gari likipatikana. Wewe nenda Mwingi. Nakuomba, ukimwona usimkaripie. Akikasirika atasonga mbele mpaka tusipopajua, na njia yote anamnywesha.

Hodan

*

Mwingi,
22 Aprili 2024

Mama Abshiro,

Asalaam aleikum. Niko barazani nje ya duka la dada yako. Amenipa kiti na chai, akaniambia umekataa kuniona. Ni haki yako. Nimemwomba Mama Tumu akusomee karatasi hii, na baada ya hapo ukiniambia niondoke nitaondoka.

Mama, maziwa yako hayana kosa. Mbuzi wako hawana kosa. Mikono yako ni safi kuliko yangu. Nilisema vibaya kwenye simu kwa kuwa niliogopa, na mwenye hofu hana adabu.

Siku ile kivulini nilikueleza nusu. Nilikwambia nyasi zile si za mbuzi, sikukwambia kwa nini. Udongo wa pale una sumu ya betri. Mizizi ile tuliipanda iinyonye, jinsi kitambaa kinavyonyonya damu ya kidonda. Wewe ulikiona kitambaa hakina doa, tena kinanukia, ukakichukua. Mtu yeyote angekichukua. Lakini sumu imo, na moto hauiui. Inabaki katika kaa, kaa linabaki katika kibuyu, na Nasima ni mdogo, mwili wake unaipokea haraka kuliko wetu. Hiyo ndiyo inayomla maneno.

Sikuja kumchukua mtoto. Mchukue wewe mwenyewe, umbebe wewe, twende hospitali wote. Dawa ipo ya kuitoa sumu mwilini, na kila siku inayopita inaifanya kazi yake kuwa ngumu.

Namsikia analia huko ndani. Nilidhani kilio ndicho kitanivunja. Kumbe ni akinyamaza. Kila akinyamaza najiuliza kama umempa kikombe.

Mimi ni mwanao,
Ismahan

*

Mutomo,
2 Juni 2024

Ismahan,

Wewe unajua mimi siandiki. Mimi nasema, Guled anaandika. Nimemwambia aandike vile nasema, asipambe.

Siku ile Mwingi, Tumu alikuwa anasoma karatasi yako na kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Mtoto alikuwa amekunywa nusu. Uliandika sina kosa, na mimi nikaangalia ndani ya kikombe nikaona majivu chini. Miaka yote nimeona majivu chini ya kikombe, nikaita dawa. Ndiyo nikafungua mlango. Hukuniuliza kitu, ulishika mkoba wangu tukaenda. Sijasahau hiyo.

Nairobi umeona mwenyewe, ulikuwa na sisi wiki ya kwanza. Damu ilikuwa na risasi nyingi. Walimpa dawa, wakapumzisha, wakampa tena. Tulirudi juzi. Tumbo sasa liko sawa na anakula. Daktari alisema damu inaweza kusafishwa, lakini kile risasi imeharibu kichwani hajui kama kitarudi chote. Nilimuuliza mara tatu kwa sababu nilifikiri sijaelewa Kiswahili chake. Nilikuwa nimeelewa.

Vibuyu vyote nimempa Musyoka akuletee kwa gunia, uviweke pamoja na ile mizizi ya stoo ingojee gari. Kile cha shanga kiko juu. Usikifungue, harufu bado ni nzuri.

Nimezunguka kwa miguu yangu nyumba zote niligawia siku ya Idd. Nilibisha nikasema, ile kitu niliwapa ni sumu, nirudishieni. Kuna wenye walicheka. Kuna mmoja alinifungia mlango. Wayua hajaniambia neno mpaka leo, alinirudishia fungu lake kwa kulirusha. Mtoto wake amepimwa pia, yake ni kidogo, madaktari wanamfuatilia. Karibu yote nimepata. Fungu moja sijapata. Nilimpa mama mmoja stendi ya Kitui nikienda Mwingi, alikuwa na mtoto mgongoni, alisema mzigo wangu unanukia vizuri, nikampa tu kwa roho safi. Jina sikumuuliza wala alikokuwa anaenda. Mimi nikilala ndiye namwona. Nimemwomba Guled kila akienda Kitui aulize, lakini ataulizia nini? Mama mwenye mtoto mgongoni?

Hodan siku hizi ndiye anakamua. Mimi nimekataa. Anatia maziwa kwa jagi la plastiki, hayanuki kitu. Jana jioni nilimpakata Nasima nikampa kikombe. Alinusa. Akakisukuma. Nikampa tena, akakisukuma tena, akaniangalia usoni muda mrefu, akasema, "Ayeyo."

Guled alikuwa hapo, alisikia. Hodan alitoka jikoni mbio na unga mikononi. Mwezi na zaidi tulikuwa tunangoja hilo neno. Mimi nilianza kulia mbele ya watoto wangu, mimi ambaye sikulia siku ya kumzika mume wangu.

Halafu mtoto alinishika kidevu anigeuze, kwa maana alikuwa hajamaliza. Alinyoosha kidole pale ukutani vibuyu vilikuwa vinaning'inia. Akasema, "Ayeyo, moshi."

Akaendelea kusema hivyo, vizuri kabisa, maneno mawili, ananiomba. Nilikaa naye pajani mpaka akalala bila kunywa.

Abshiro